Herufi za Duara na Jina la Elwak

Wanaohakiki maandishi ya lugha za Kiafrika hujadili sana tahajia, lakini sura ya herufi zenyewe humwachia mpiga chapa. Hasara ya mgawanyo huo huonekana wazi katika jina la Elwak, mji wa Kaunti ya Mandera ulio mpakani mwa Kenya na Somalia.

Jina hilo lina tahajia mbili. Nchini Kenya huandikwa Elwak. Kisomali, kwa tahajia ya Kilatini iliyotangazwa Somalia mwezi Oktoba 1972, huandika Ceelwaaq, yaani kisima cha Waaq, jina la kale la Mungu miongoni mwa Wasomali na Waoromo. Tahajia ya Kenya imetupa sauti ya koo inayoandikwa kwa c, urefu wa irabu zote mbili, na tofauti ya q na k. Hayo yanajulikana. Lisilotajwa ni kwamba tahajia iliyo sahihi zaidi ndiyo inayoumizwa zaidi na chapa.

Mwaka 1927 kiwanda cha Bauer cha Frankfurt kilitoa Futura, herufi ambazo Paul Renner alizijenga juu ya duara, pembetatu na mraba, bila vijimkia kwenye ncha. Mwaka 1979 ikafuata VAG Rounded ya Volkswagen, ambayo hata miisho ya mistari yake imeviringwa. Herufi za jamii hii hupendeza kwenye mabango na majalada, na zikiwa kubwa hazina kosa la kutajwa: katika CEELWAAQ, A ni pembetatu na Q ni duara, basi.

Taabu imo katika herufi ndogo. Katika Futura, a ni duara lenye kijiti ubavuni. Q ni duara lilo hilo, kijiti kikishuka. C ni duara lililokatwa. E ni duara lenye kijimstari katikati. Elwak ina herufi moja ya namna hiyo kati ya tano. Ceelwaaq inazo sita kati ya nane, na kinachotenga q na a zinazoitangulia ni mkia tu. Vivyo hivyo caano, maziwa: nne kati ya tano.

Watetezi hudai kwamba mtoto naye huandika a ya duara kwa mkono. Ni kweli, lakini mkono haurudii duara moja mara mbili, bikari hurudia. Renner mwenyewe hakuitii bikari kikamilifu, kwani aliupunguza unene wa mstari pale duara linapokutana na kijiti. Waigaji wengi hulisahau hilo.

Kiswahili nacho hakikusalimika: dada na dodo, kaa na koo, hutenganishwa na vijiti tu. Kwa kitabu cha kusomea, a ya vitabuni, yenye kichwa kilichopinda juu ya tumbo, yafaa zaidi. Herufi za duara zibaki jaladani.