Bolti Mfukoni

Fundi wangu haendi kununua spana mikono mitupu. Asubuhi ile, kabla hatujatoka gerejini kwake Temeke, alifungua kopo la maziwa ya unga lililojaa bolti na nati, akachambua bolti tatu: ya kichwa cha milimita 10, ya 12 na ya 14. Alizifuta mafuta kwa kitambaa, akapitisha kidole gumba kwenye kila pembe kuhakikisha haijalika, akazitia mfukoni.

"Huu ndio mzani wangu," alimwambia kijana wake.

Kijana alikuwa amemaliza mafunzo ya ufundi magari VETA Chang'ombe, na akiba yake ya kwanza alitaka iende kwenye vifaa. Aliitikia, "Sawa, mzee," lakini usoni ilionekana bado hajaelewa. Nami sikuelewa. Niliomba kufuatana nao kwa sababu gari langu limepona mara nyingi mikononi mwa mtu huyu, na nilitaka kuona anavyochagua vitu anavyolitibia.

Tulishuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, tukaingia kwenye mitaa ya vipuri. Katika duka la kwanza spana zilikuwa zimetundikwa ukutani kwa mpangilio wa ukubwa, zote zinang'aa. Mwenye duka, mtu wa makamo, alimwamkia fundi, "Shikamoo, mzee." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu. Nipe namba kumi, ya mdomo na ringi." Moja tu. Fundi aliipokea, akaigeuza mgongo na tumbo, kisha akatoa bolti yake mfukoni na kuichomeka kwenye mdomo wa spana. Aliishika spana kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na sikio, akaitikisa. Ilisikika sauti ndogo, tik tik. Akairudisha kaunta bila maneno.

Aliomba ya kampuni nyingine. Hiyo bolti iliingia kwa kusukumwa kidogo, ikakaa, na alipotikisa hapakusikika kitu.

Hapo ndipo alipoanza kueleza, nami najitahidi kuyaandika kama nilivyoyasikia. Spana ya namba 10 haiwezi kuwa na mdomo wa milimita 10 kamili, kwani isingeingia kwenye bolti yenye rangi au vumbi. Inaongezwa kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, labda na ushee. Kiwanda kisichojali huongeza zaidi, maana mdomo mpana ni rahisi kutengeneza. Sasa tazama kinachotokea. Spana inayobana vizuri hukumbatia mbavu mbili za kichwa cha bolti na nguvu huenea kwenye ubavu wote. Spana iliyolegea hugusa pembe peke yake. Pembe ikibeba mzigo wote hukatika ukingo, kichwa kinaviringika, na kuanzia hapo hakuna spana itakayokishika. Aliyewahi kuona fundi akipigana na bolti iliyoviringika chini ya injini, kwa tindo, kwa nyundo, mwishowe kwa mashine ya kuchomelea, anajua kwamba kitu cha bei ndogo kinaweza kula siku nzima.

Nilichokipenda zaidi kilifuata. Alimwonyesha kijana jinsi kichwa cha spana upande wa mdomo kilivyoinama kidogo, hakikunyooka sawasawa na mpini. "Unajua kwa nini?" Kijana alifikiri, akasema ni ili mkono usigonge. Fundi alitikisa kichwa, akachukua bolti ya 12 na spana yake, akafunika pande zote mbili kwa viganja vya mwenye duka ili kuigiza nafasi finyu. Mwinamo ule ni wa nyuzi 15. Kichwa cha bolti kina mbavu 6, kwa hiyo kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ni nyuzi 60. Spana iliyonyooka ingehitaji nafasi ya nyuzi 60 kila unapovuta, na ndani ya injini nafasi hiyo mara nyingi haipo. Lakini kwa mwinamo wa nyuzi 15 unavuta nyuzi 30, unaichomoa, unaipindua tumbo kuwa mgongo, unaichomeka tena, na tayari inashika ubavu unaofuata. Alifanya hivyo mbele yetu, polepole: vuta, pindua, chomeka, vuta. Mkono wake haukutoka katikati ya viganja vile. Mimi nimeishika spana tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza kwa nini shingo yake imepinda.

Mwinamo huo nao hupimwa. Alilaza spana mbili za namba moja kutoka makampuni mawili juu ya kaunta, moja juu ya nyingine, na tofauti ya shingo ikaonekana kwa macho.

Kwa nini 10, 12 na 14, na si 11, 13 na 15? Kwa sababu barabara zetu zimejaa magari ya Kijapani. Bolti ile ile yenye unene wa milimita 8 kwenye mwili, Mjapani huipa kichwa cha 12, na Mjerumani huipa cha 13. Bolti ya milimita 10, Mjapani huipa kichwa cha 14, na kwa Wazungu utakuta 16, au 17 kwenye magari ya zamani. Ukilala chini ya Toyota, mkono unaita 10, 12, 14, 17, 19, kama vile muuza duka anavyojua vipimo vya unga. Sasa zile seti kubwa za kwenye sanduku la plastiki, zenye vipande vingi na bei ya kuvutia, nyingi hupangwa kwa kuhesabu vipande, si kwa kufikiria kazi. Fundi alifungua moja, akahesabu kimyakimya, akaifunga. Nusu ya vilivyokuwemo, kijana asingevigusa mwaka mzima, na namba 10, ambayo angeigusa kila siku, ilikuwa ikitikisika kuliko zote.

Karibu kila spana ukutani pale ilichongwa maneno ya kutaja chuma cha kromu na vanadi. Ni aloi nzuri kweli. Kromu huleta ugumu unaoingia hadi ndani, na vanadi kidogo tu huzifanya chembechembe za chuma kuwa ndogo na imara. Lakini herufi hazina kazi kama moto haukufanya yake. Mhunzi wa kijijini anayefua panga kutokana na springi ya gari anajua jambo hili bila kusoma aloi yoyote. Hukipasha chuma hadi kiwe chekundu, hukitumbukiza majini au kwenye mafuta, na hapo chuma huwa kigumu lakini hukatika kama kioo. Basi hukirudishia moto kwa upole, akitazama rangi zinavyotembea juu yake, rangi ya majani makavu, halafu zambarau, halafu bluu, na hukitoa pale anapopataka. Kiwanda cha spana hufanya hayohayo kwa tanuru na vipimo. Spana ikiachwa ngumu mno hupasuka mkononi, ikilainishwa mno mdomo hupanuka kama midomo ya mtu anayepiga miayo. Ndiyo maana spana haifanywi ngumu kama tupa. Ugumu wake ni wa chini zaidi kwa makusudi, ili iweze kujinyonga kidogo na kurudi.

Macho yanaweza kugundua mengi kabla ya nguvu kutumika. Fundi alitafuta mshono wa kalibu, ule mstari unaoachwa na chuma kilichomiminwa badala ya kufuliwa, na spana iliyokuwa na vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa aliikataa. Aliangalia ndani ya ringi, mahali ambapo mnunuzi haangalii, kama kona zimekatwa safi au zimejaa mabaki ya kromu. Kromu ikibanduka humkata mtu vidole, alisema, na akamwonyesha kijana kovu kwenye kiganja chake.

Kwenye bisibisi alikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Skrubu ya msalaba iliyoenea duniani tangu miaka ya 1930 ni ile ya Mmarekani Henry Phillips, na ncha ya bisibisi yake ina tabia ya kujisukuma nje mkazo ukizidi. Wajapani walikuwa na msalaba wao, wa kiwango cha JIS, unaofanana nao kwa macho lakini wenye kona kali zaidi, na mara nyingi skrubu zake huwa na nukta moja ndogo juu ya kichwa. Kwenye kabureta za pikipiki za Kijapani za zamani ndizo zilizojaa. Fundi asiyejua hilo huchomeka bisibisi ya Phillips, inapanda juu, msalaba unachimbika, na lawama huenda kwa skrubu. Bisibisi ya JIS huingia hadi chini na kutulia. Aliikuta moja tu katika duka la tatu, ya mpini wa mbao usio na urembo wowote. Aliilipia kwanza. Baada ya kulipa ndipo alipotoa kitupa kidogo kwenye mfuko wa shati na kukigusisha kwenye ncha. Tupa iliteleza bila kuuma. Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Soketi hazikutuchukua muda: za pembe 6 na si 12 kwa nati zilizoshika kutu, kwa sababu tuliyokwisha kuiona ya mbavu na pembe. Zile nyeusi nene za mashine ya kufungulia tairi ni chuma kingine, laini zaidi, na hazibadilishwi kazi na zile zinazong'aa. Racheti alizisikiliza. Yenye meno 72 husogea nyuzi 5 kwa kila mlio, na mlio wake ni mfululizo wa karibukaribu kama cherehani inayokwenda taratibu. Alizungusha kadhaa, macho yamefumba. Hakununua. Aliyoitaka ilizidi pesa za kijana, na aliyoimudu ilikuwa inaruka jino.

Kijana alisononeka. Racheti na soketi zake ndizo alizozitamani, na si ajabu, maana wazo lenyewe ni zuri mno: mwaka 1920 huko Milwaukee, Marekani, Joseph Johnson na mwenzake William Seidemann walianzisha Snap-on juu ya fikra kwamba mipini 5 na soketi 10 zinazobadilishana zitafanya kazi ya spana 50. Kabla ya hapo soketi nyingi zilikuwa kila moja na mpini wake. Kwa mtu mwenye pesa chache, hiyo ni habari njema hata leo. Lakini mzee alimwambia asubiri.

Kwenye meza ya mtumba wa vifaa, pembeni mwa barabara, fundi alichutama. Kati ya vyuma vilivyochakaa aliokota spana ya namba 17, nyeusi, isiyo na kromu hata tone, yenye jina la Gedore. Hiyo ni kampuni iliyoanza mwaka 1919 huko Remscheid, Ujerumani, mji ambao kampuni nyingine ya vifaa, Hazet, nayo ilizaliwa mwaka 1868. Hakuwa na bolti ya 17 mfukoni. Muuzaji alimwazima nati. Iliingia, ikakaa, haikutikisika, baada ya miaka ambayo hakuna ajuaye imepita mikono mingapi. Alimkabidhi kijana, naye aliipima kwa kiganja, akaitikisa sikioni kama alivyoona ikifanywa asubuhi. Bei yake ilikuwa chini ya spana mpya tuliyoikataa duka la kwanza.

Jioni kijana alirudi Temeke na vitu vitano: spana mpya za 10, 12 na 14, kila moja ya kampuni tofauti, bisibisi moja, na ile 17 nyeusi. Siku nzima kwa vitu vitano, na sikuona dakika iliyopotea.

Ndugu msomaji, kama una mtoto au mdogo wako anayeanza ufundi magari, tafadhali usimletee sanduku la vipande mia kama zawadi. Mpe nauli na pesa ya spana tatu nzuri, mpe na bolti mpya tatu za kupimia, kisha mwache akachague mwenyewe bila kuharakishwa.