Mbwana Samatta na Ilimu ya Kukawia

Vijana wanaocheza mpira mchangani maji yakipwa, tangu visiwa vya Kudhaa na Koyama hata Kismayo, na tangu Kismayo hata Kilwa, aghalabu huitakidi kwamba mshambuliaji hodari ni yule atanguliaye: atanguliaye kukimbia, atanguliaye kupiga na, akijaliwa, atanguliaye kusafiri. Itikadi hiyo ina asili yake, kwa kuwa mchanga mzito humlazimisha mtu kuanza mbio mapema. Lakini atazamaye kwa makini kazi ya Mbwana Samatta, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1992 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, ataona kwamba silaha yake haikuwa mbio wala nguvu, bali ni kujua wakati wa kukawia, ndani ya uwanja na nje yake.

Tuanze na bao la Anfield. Tarehe 5 Novemba 2019 Genk ya Ubelgiji iliwazuru Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Ulaya, na wenyeji walikwisha kutangulia kwa bao la Wijnaldum, hata ilipofika dakika ya 40 ikapigwa kona, na Samatta akaruka penye nguzo ya karibu, akaupiga mpira kichwa ukaingia wavuni. Uzuri wa bao lile haumo katika kichwa, kwani kichwa ni tamati ya shauri lililokwisha kukatwa. Umo katika ule muda mfupi kabla ya mpira kupigwa, ambapo beki hana budi kulinda vitu viwili kwa jicho moja, yaani mpira ulioko penye kibendera na mtu aliyeko ubavuni pake. Mshambuliaji mwenye pupa huondoka mapema, na beki akamfuata. Mwenye subira hungoja mpaka jicho lile limeuchagua mpira, ndipo aondoke, na kwa kuwa yeye yumo katika mwendo ilhali mlinzi amesimama, huruka juu zaidi hata akiwa amepungukiwa na shibiri nzima.

Miezi minne baadaye, tarehe 1 Machi 2020, katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, Aston Villa walikuwa nyuma kwa mabao mawili ya Manchester City. John Stones akateleza, Anwar El Ghazi akapata nafasi ya kupiga krosi, na Samatta akajitupa mbele kwa kichwa, akamshinda kipa Claudio Bravo. Villa walifungwa 2-1, na wako waliosema kwamba bao lile lilikuwa zawadi ya utelezi. Mimi siwafikiani nao. Utelezi ulimpa El Ghazi krosi. Mahali pa kuipokelea Samatta alijipatia mwenyewe. Mtu hajitupi mbele ila awe na nafasi mbele yake, na nafasi hiyo haipati aliyekwisha kufika langoni akasimama kungoja, maana mpira humpita kisogoni.

Maarifa haya hakuyapata Ulaya. Kutoka African Lyon alikwenda Simba, na Simba walipokutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika mwaka 2011, Wakongo wale walimwona, wakamtaka, wakamchukua, naye ni kijana wa miaka 18. Wengi waliidhani Lubumbashi kuwa bandari ya kutilia maji tu, chombo kikajaza mapipa kikaendelea na safari. Yeye akatia nanga hapo takriban miaka mitano. Nionavyo, hapo ndipo ulipo msingi wa kazi yake yote, na sababu yake kubwa ni jambo ambalo wachambuzi wa Ulaya hawalitaji kabisa: Lubumbashi ni mji wa Kiswahili. Kijana alitoka kwao akaingia ugeni, akakuta sokoni na njiani lugha ambayo, ijapokuwa ni ya Katanga na ina lafudhi na maneno yake, aliweza kuisikia na kuijibu. Basi akili yake haikupotea katika kutafuta neno la kuombea chumvi, ikabaki kwa kazi iliyompeleka. Fauka ya hayo, alikuwako Mtanzania mwenziwe, Thomas Ulimwengu, na klabu ya Moïse Katumbi ilikuwa na mali ya kumtuliza mchezaji asitamani kila mlango unaofunguka.

Matunda yakaiva mwaka 2015. Alifunga mabao 7 katika klabu bingwa ya Afrika, na katika fainali dhidi ya USM Alger alitia penalti mbili, moja Algiers na moja Lubumbashi, Mazembe wakashinda 2-1 kisha 2-0. Januari 2016 alitawazwa mjini Abuja kuwa mchezaji bora wa mwaka miongoni mwa wachezao ndani ya Afrika, na mwezi huo huo akaenda Genk, umri wake miaka 23, ambao kwa mawakala wa leo huhesabiwa kuwa ni uzee.

Genk nayo ilikuwa chaguo la mtu asiye na haraka. Haikuwa klabu kubwa kupita zote Ubelgiji, lakini ilikuwa na watu wa kumlisha: Pozuelo, Malinovskyi, Trossard, ambao kwa misimu kadhaa walijifunza wakati wake naye akajifunza wakati wao. Msimu wa 2018/19, chini ya mwalimu Philippe Clement, timu ilitwaa ubingwa, Samatta akafunga mabao 23 ya ligi, akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika nchi ile.

Kwa nini basi, alipofika Villa, alipata bao moja tu la ligi, dhidi ya Bournemouth, katika mechi 14? Jibu la vijiweni ni kwamba Uingereza ilimzidi kimo. Jibu langu ni kwamba aliitwa kwa dharura. Mshambuliaji Wesley aliumia siku ya mwaka mpya wa 2020, na tarehe 20 Januari Samatta akasajiliwa katika timu iliyokuwa ikipigania isishuke daraja, ambayo mipira yake ilipita kwanza miguuni mwa Jack Grealish, fundi apendaye kukaa na mpira, kuingia nao ndani na kuchezewa madhambi. Akawiaye sharti ajue mwenziwe atauachia mpira lini; asipojua, kukawia kwake hugeuka kuchelewa. Kabla hawajazoeana ligi ikasimama kwa maradhi ya Korona, ikarudi Juni kwa mbio na bila watazamaji, na Septemba alikuwa Fenerbahçe. Baadaye akapita Antwerp, akarejea Genk kwa mkopo, akenda PAOK na kupata ubingwa wa Ugiriki mwaka 2024.

Katika timu ya taifa alifanya kazi nyingine kabisa. Tanzania ilipofika fainali za Afrika mwaka 2019, baada ya miaka 39, nahodha huyu hakuwa na Trossard. Ilimpasa kuanzisha alichokizoea kumalizia. Dhidi ya Kenya shuti lake lilitemwa na kipa, mwenziwe Msuva akamalizia. Kisha yeye mwenyewe akafunga la pili, na Kenya wakashinda 3-2.

Kwetu Somalia daraja kama zile alizozipanda Samatta, kutoka Simba hata Mazembe na Genk, hazipo. Somalia ilipoifunga Zimbabwe 1-0 mwezi wa Septemba 2019, mechi ya nyumbani ilichezwa Djibouti. Na Ayub Daud, mzaliwa wa Mogadishu aliyeingia uwanjani na Juventus dhidi ya Bologna mwaka 2009, alikulia Italia, hakupata ligi ya kwao ya kuanzia.

Lakini ufundi wenyewe hauhitaji ligi. Mwalimu wa timu ya visiwani na amweke mshambuliaji nyuma ya bega la beki, mikono mgongoni, amkataze kuondoka mpaka winga ameinamisha kichwa kuutazama mpira anaotaka kuupiga. Mara nyingi za mwanzo atachelewa, na wenziwe watamcheka. Kuhusu kujitupa kwa kichwa, ambako watoto wa viwanja vigumu vya mijini hukuogopa kwa haki, mchanga wetu ni bora kuliko nyasi za Wembley.