Sauti Kwanza, Karatasi Baadaye

Benjamin Zephaniah alipofariki Desemba 7, 2023, taarifa nyingi zilimtaja kuwa mshairi wa jukwaani aliyependwa na watoto wa Uingereza, kisha zikarukia nywele zake za kirasta, nishani ya OBE aliyoikataa mwaka 2003 na uigizaji wake katika tamthilia ya Peaky Blinders. Kazi yenyewe ikabaki nyuma. Ni kazi yenye ufundi unaoweza kufunguliwa kipande kwa kipande, na ufundi huo ulianzia kwenye tatizo: herufi zilimshinda.

Alizaliwa mwaka 1958 Birmingham, akakulia mtaa wa Handsworth, kwenye wahamiaji wengi kutoka Karibi. Shule ilimtema akiwa na miaka 13, kusoma na kuandika vikiwa vimempiga chenga. Ilikuwa disleksia, lakini hilo aliambiwa akiwa na miaka 21, katika darasa la elimu ya watu wazima jijini London. Kufikia hapo alikuwa ameshaghani kanisani tangu utotoni na jina lake linajulikana mtaani. Mashairi aliyatungia kichwani na kuyatunza humohumo. Hata alipoanza kuandika, aliandika maneno yanavyotamkwa, na wasomaji wakadhani ni mtindo alioupanga. Kitabu chake cha kwanza, Pen Rhythm, kilitoka mwaka 1980.

Shairi lisilo na karatasi linahitaji vishikio. Mistari iwe mifupi, kina kirudi mapema, kiitikio kiwahi kabla msikilizaji hajapotea. Aliyewahi kukariri utenzi anajua vina vinavyomvuta mtu kutoka ubeti mmoja hadi mwingine. Tofauti ni kwamba Zephaniah hahesabu mizani, anahesabu mapigo. Shina lake ni ushairi wa dab wa Jamaika, unaoghaniwa juu ya besi na ngoma za rege, ambao Linton Kwesi Johnson alikuwa ameshauzoesha masikio ya London kabla yake. Kwa hesabu hiyo, mstari mmoja unaweza kuwa na silabi tano na unaofuata kumi na moja, na yote miwili ikajaza mapigo yaleyale: silabi dhaifu zinabanwa, zenye mkazo zinaachwa ziangukie penye ngoma. Mtazame kwenye video akiwa peke yake, bila bendi. Mwili unacheza, na anaacha kimya kifupi pale ambapo ngoma ingepigwa. Besi haipo, lakini unaisikia.

Mwaka 1994 aliipeleka mashine hiyohiyo kwa watoto, katika kitabu cha Talking Turkeys. Shairi lililokipa kitabu jina linawaombea batamzinga wasiliwe Krismasi. Mwandishi mwingine angehubiri (Zephaniah mwenyewe aliacha nyama tangu ujana, kwa hiyo mahubiri alikuwa nayo), ila yeye amelirudiarudia jina la ndege mpaka limegeuka mdundo, akachanganya lafudhi ya Jamaika na ya Birmingham, na hoja ikapita katikati ya kicheko. Mtoto wa miaka minane akilisikia mara mbili, mara ya tatu ataghani naye. Kitabu kilibidi kichapishwe upya kwa dharura ndani ya wiki sita.

Kwangu mimi, ulezi wake wa vijana umo hapo hasa, kuliko katika vyeo. Vyeo alivipata: mwaka 1998 aliingia katika kamati ya kitaifa iliyoishauri serikali kuhusu sanaa mashuleni, na mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Brunel kilimpa uprofesa. Lakini katika shule na magereza aliyozunguka, kijana aliyeogopa kitabu alimwona mtu mzima, aliyewahi kufungwa, akighani kwa moyo, na hakuhitaji kujua tahajia ili ajaribu. Analoliweza tayari, kusema, ndilo lililokuwa somo la kwanza. Kalamu ilifuata.

Riwaya zake za vijana zina alama ya kazi hiyo. Refugee Boy (2001) inamhusu Alem, mvulana wa baba Mwethiopia na mama Mweritrea, anayeachwa Uingereza na baba yake kwa sababu ya vita vya nchi hizo mbili. Mazungumzo yanabeba mzigo mkubwa, kana kwamba mwandishi haamini sana maelezo. Haikunishangaza kuona mshairi mwingine wa jukwaani, Lemn Sissay, akiifanya mchezo wa kuigiza mwaka 2013.

Mbinu hii ina bei yake. Baadhi ya mashairi ya watoto, yakilazwa kwenye ukurasa bila sauti, yamekonda. Tena ile tahajia ya kimatamshi iliyomkomboa mtunzi inaweza kumkwamisha mtoto mwenye disleksia ambaye ndiyo kwanza ameizoea tahajia ya shuleni, maana sasa neno lilelile lina sura mbili. Mwalimu mwenye kitabu mkono mmoja na rekodi mkono mwingine aanze na rekodi, na kitabu akifungue watoto wakishaanza kuimba.