Mtama Usioonekana Pichani

Wahenga walionya: penye kuku wengi usimwage mtama. Wapiga picha za ndege wameugeuza usemi huo kuwa kazi. Wanamwaga mtama makusudi, tena mahali padogo, wakisubiri ugomvi.

Picha yenyewe umeshaiona, hata kama humjui aliyeipiga. Minana wawili wa manjano wako hewani juu ya tawi kavu, mbawa wazi, kucha mbele. Nyuma yao kijani kilichofifia, laini kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Chini pameandikwa kitu kama "Vita porini". Ni nzuri, sibishi.

Sasa tuingie jikoni. Tuseme mpiga picha yuko Musoma, uani kwake. Anasimika tawi fupi, lenye nafasi ya ndege mmoja tu kukaa kwa raha. Mtama anauficha kwenye kitundu upande ambao kamera haiuoni. Anajibanza kibandani, kamera kaitega kwenye 1/2000 ya sekunde. Ndege wa pili akifika hana pa kutua mpaka amwondoe wa kwanza. Yaani vita kaipanga yeye, kisha chanzo chake kakiacha nje ya fremu.

Hapo ndipo mimi, msomaji wa riwaya, ninapokwama. Mwandishi akiniletea wahusika wanaopigana bila sababu, nafunga kitabu. Picha hii inatupa ngumi, inatunyima njaa. Ndege wanaonekana kama wana hasira za kuzaliwa nazo tu.

Na mtama huko Mara si kitu cha pembeni. Kwa mkulima wa Bunda, huo ni ugali. Nafaka ikikaribia kukomaa mtu hupanda dunguni, mara nyingi mtoto, na kombeo lake na debe la kupigia kelele, akaamia ndege tangu alfajiri. Kwelea kwelea wakishuka kwa makundi, jasho la msimu mzima liko hatarini. Linganisha dungu hilo na kibanda cha mpiga picha: huku mtu anafukuza ndege, kule mtu anawaita kwa nafaka ileile. Picha ikiuficha mtama, inaficha na habari hiyo yote.

Je, ni uongo? Picha ya mbwa mwitu wa Hispania akiruka lango ilishinda shindano kubwa la picha za wanyamapori Uingereza mwaka 2009. Januari 2010 ikavuliwa ushindi, kwa kuwa waamuzi waliona kuna uwezekano mkubwa mnyama alikuwa wa kufugwa. Minana wetu ni wa porini kweli, kwa hiyo kesi yao ni nyingine. Chambo chenyewe hakinikeri. Mwalimu wa Butiama alipotuletea *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, nani alimwita mwongo? Tulijua tunasoma tamthilia. Jukwaa si kosa, kosa ni kuliita pori.

Basi ombi langu kwa wapiga picha ni dogo: rudisheni kamera nyuma kidogo. Acheni punje zionekane, na mnana aliyebana moja mdomoni. Picha haitakuwa safi sana, lakini tutajua wanagombania nini. Na mama wa Bunda akiiona atacheka kwanza, halafu atauliza: huo mtama mnaowamwagia ndege, kilo shilingi ngapi?