Sikio la bibi kizee mbele ya orodha ya Propp

Mwaka 1928, mjini Leningrad, Vladimir Propp alitoa kitabu chembamba juu ya umbo la ngano. Alichukua ngano mia moja kutoka kwenye mkusanyo wa Aleksandr Afanasyev, uliochapishwa kati ya 1855 na 1863, akazilinganisha kwa swali moja: mhusika anatenda nini, na tendo hilo linaisogezaje hadithi? Mwovu awe joka au mchawi, shujaa awe mwana wa mfalme au wa mkulima, kwake halikuwa jambo. Akabaki na matendo 31 yanayofuatana kwa mpangilio ule ule, ingawa si kila ngano inayo yote, na nafasi saba za wahusika.

Orodha hiyo imefika vyuoni kwetu, na mara nyingi wanafunzi huikariri wakaishia hapo. Mimi nataka tuione ikifanya kazi, tena kwenye ngano ya huku kwetu: Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we, ngano ya Wasukuma, ambao hapa Ziba na katika wilaya nzima ya Igunga wanaishi pamoja na Wanyamwezi.

Shing'weng'we alimeza watu wote na mifugo yote. Akanusurika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Alipopata akili akauliza: mama, mbona tuko wawili tu? Mama akamweleza. Kijana akaanza kumsaka zimwi. Akaua panzi, akarudi nyumbani akiimba kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama akamwambia huyo ni panzi tu, tumchome tule. Akaua ndege, akaua swala, jibu likawa lile lile. Mwishowe akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua mgongo. Baba yake akatoka, na ndugu, na watu wote.

Kwa orodha ya Propp, mwanzo unakaa vizuri kabisa. Kumezwa kwa watu ni tendo la 8, uovu unaoianzisha hadithi. Swali la mtoto na jibu la mama ni la 9: msiba unajulikana. Kijana kukubali kazi ni la 10, kutoka nyumbani ni la 11. Kisha orodha inatudai tendo la 12 hadi la 14, yaani shujaa ajaribiwe na mtu wa kumgawia kitu cha ajabu, pete au farasi au upanga. Hapa hakuna mgawaji, hakuna pete. Kuna mama anayetazama windo na kusema bado. Propp mwenyewe alieleza kwamba mhusika mmoja anaweza kubeba nafasi zaidi ya moja, na mama huyu anabeba mbili: ndiye anayetoa habari ya msiba na ndiye anayepima uwezo wa shujaa. Kinachopatikana baada ya mtihani ni uzoefu wa kijana mwenyewe, kuanzia panzi mpaka swala. Kwa maoni yangu, hapo ngano hii inaipita kwa mbali ile ya upanga wa bure.

Msomaji wa pwani ameshaitambua hatua hiyo. Katika ngano ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870 pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja, kijana anaua mbwa, punda milia, twiga, kifaru na tembo, na kila mara mama anamwambia huyo siye nunda mla watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miaka mingi kati ya Tabora na Bagamoyo, na jioni kambini hazikosi hadithi. Nani alimpa nani, mfanano huu peke yake hausemi. Lakini tusingeona kwamba ni hatua moja kama tungebaki kutazama majina ya wanyama.

Sasa twende kwenye sikio. Masala Kulangwa alipolipasua zimwi, kisu chake kilikata sikio la bibi kizee aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika, akamtukana, akataka kumroga. Marafiki wa kijana wakamlinda. Kijana akatafuta dawa, akamponya. Baada ya hapo ndipo watu wakamkalisha kwenye kiti cha utawala, na mama yake akawa mama wa mtawala. Kiti ni tendo la 31, na kutoka kwa watu ni la 19. Katikati, Propp ana tendo la 21 na la 22, shujaa kuandamwa na kuokoka, na tunaweza kumweka bibi hapo. Ila anayeandama katika ngano za Kirusi ni upande wa mwovu, na tendo la 30 humwadhibu mwovu. Bibi huyu si mwovu. Amejeruhiwa na mkono uliomwokoa, ana haki ya kudai, na ngano inamlipa kwa dawa. Penye adhabu pamewekwa tiba, na kiti hakikaliwi kabla jeraha halijapona. Yule anayekariri orodha ataliruka sikio kwa kuwa halina namba yake. Anayeifuata njia ya Propp atasimama hapo hapo, maana ndipo utaratibu wa Wasukuma unapoachana na ule wa Warusi.

Mwaka 1966, akimjibu mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss aliyemkosoa, Propp alieleza kwamba jina la kitabu chake lilitaja ngano za miujiza tu, na mhariri ndiye aliyeliondoa neno hilo. Hakudai kuzipimia ngano za dunia nzima. Alisoma mia moja za kwao kwanza, kisha akasema.

Walimu wa Kiswahili wa Ziba, Nkinga na Simbo, wapeni wanafunzi kazi hii likizo ijayo: waandike ngano kwa babu na bibi zao, kila moja ikiwa na jina la fanani, kijiji na tarehe, bila kusahihisha kitu. Zikifika mia, tutengeneze orodha yetu.