Uzi Kwanza, Gitaa Baadaye: Besi Inavyochaguliwa kwa Ajili ya Jukwaa

Tarehe 27 Juni 2002, mpiga besi John Entwistle wa kundi la The Who la Uingereza alifariki mjini Las Vegas, siku moja kabla ya ziara ya Marekani kuanza. Tarehe 1 Julai wenzake walipanda jukwaani Hollywood Bowl, Los Angeles. Nafasi yake ilishikwa na Pino Palladino, mzaliwa wa Cardiff, Wales, aliyepata siku chache tu za kujiandaa. Entwistle alijulikana kwa besi kali na angavu iliyokuwa ikishindana na gitaa la solo. Palladino alikuwa bado anasifiwa kwa besi aliyoipiga kwenye albamu ya mwimbaji D'Angelo iitwayo Voodoo, ya mwaka 2000, ambamo noti ni nene, fupi, na zimekaa chini kabisa ya wimbo.

Wote wawili waliwahi kufanya kazi kwa Fender Precision ya nyuzi nne. Gitaa la aina moja, urefu wa uzi ni uleule wa inchi 34, lakini sauti zao ziko mbalimbali kabisa. Vidole vina mchango wake hapo, na amplifaya pia. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo, hata hivyo, imo kwenye nyuzi.

Mtu anayetafuta besi ya kupigia ukumbini kwa kawaida hutazama kwanza jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa, kisha rangi, kisha bei. Nyuzi hufikiriwa mwisho. Mara nyingi hubaki zilezile zilizotoka kiwandani mpaka mmoja ukatike. Wapiga besi walioacha alama katika muziki walifuata njia ya kinyume: walijua kwanza besi yao inatakiwa ikae wapi katikati ya vyombo vingine, wakachagua uzi wa kuifikisha hapo, na gitaa likafuata.

Uzi wa besi una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine kwa nje, na namna waya huo ulivyo ndiyo inayogawa nyuzi katika kambi mbili kubwa. Ukiwa wa mviringo, uso wa uzi huwa na vijimifereji ambavyo kidole huvihisi kinapoteleza. Uzi wa namna hiyo hulia kwa muda mrefu na kutoa mitetemo tanzu mingi juu ya noti yenyewe, mitetemo inayoipa besi ukali na mng'ao. Ukiwa bapa kama utepe, uso huwa laini, mitetemo tanzu hufa upesi, na kinachobaki ni kiini kizito cha noti. Nyuzi bapa hudumu miaka. Zile za mviringo hupoteza mng'ao mapema, kwa sababu jasho na uchafu huingia ndani ya vile vijimifereji na kuzuia mtetemo.

Entwistle alizifahamu nyuzi bapa na hakuridhika nazo. Mwaka 1965, The Who walipokuwa wakirekodi My Generation, alitaka sehemu yake ya kupiga peke yake isikike kwa ukali wa waya. Alitumia gitaa la Danelectro lililokuja na nyuzi nyembamba za aina aliyoitaka. Nyuzi zilipokatika hakupata za akiba madukani London, akalazimika kununua Danelectro nyingine kwa ajili ya nyuzi zake, na baada ya hiyo nyingine tena. Mwishowe sehemu hiyo ilirekodiwa kwa Fender Jazz Bass yenye nyuzi bapa, na sauti ikatoka nzito kuliko alivyokusudia.

Mwaka uliofuata alipeleka tatizo lake kwa Rotosound, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na James How. Nyuzi mbili nyembamba, D na G, zilikuwa zinalia vizuri. Shida ilikuwa kwenye E na A, ambazo hazikutetema inavyopaswa. Mafundi walitengeneza, wakajaribu kwenye gitaa lake, wakatengeneza tena, mpaka nyuzi zote nne zikalia kwa usawa. Hapo zikapatikana nyuzi za mviringo za chuma cha pua zinazoitwa Swing Bass 66, ambazo zinauzwa mpaka leo. Kwa Entwistle zilitatua jambo mahususi la jukwaani. The Who walikuwa na gitaa moja tu, la Pete Townshend, na kila Townshend alipoacha nafasi, besi ndiyo iliyopaswa kuijaza.

Upande wa pili wa bahari, mjini Detroit, mpiga besi James Jamerson alikuwa na mahitaji tofauti kabisa. Katika studio ya kampuni ya rekodi ya Motown alizungukwa na piano, magitaa mawili au matatu, matari, matarumbeta na waimbaji. Hapakuwa na pengo la kujaza kule juu. Besi yake ilikuwa Precision ya mwaka 1962, ikiwa na nyuzi bapa nene za La Bella, zenye unene wa kuanzia inchi 0.052 hadi 0.110. Chini ya kifuniko cha daraja kulikuwa na kipande cha sponji kilichobana nyuzi ili noti isirefuke. Nyuzi zilikaa juu sana ya ubao wa vidole, naye alizipiga kwa kidole kimoja cha shahada, tabia aliyotoka nayo kwenye besi kubwa ya kusimama. Hakubadilisha uzi ila umekatika, kwa kuwa aliamini kwamba uchafu wake ndio unaohifadhi utamu.

Sponji, nyuzi nene na uchafu, vyote vilifanya kazi moja: kuifanya kila noti iwe na mwanzo ulio wazi na mwisho wa haraka. Ndiyo maana Jamerson aliweza kupiga noti nyingi kiasi kile bila kumfunika mwimbaji. Besi ile ile ingevalishwa nyuzi mpya za mviringo, mistari yake ingegongana na matari na sauti za waimbaji.

Palladino aliipitia mikabala yote miwili. Katika miaka ya 1980 alijulikana kwa Music Man StingRay isiyo na freti, yaani vijiti vya chuma vinavyovuka ubao wa vidole, aliyoipiga kwenye nyimbo za mwimbaji Paul Young. Kwa Voodoo alitumia Precision yenye nyuzi bapa, katika njia aliyoifungua Jamerson. Alibadilisha chombo kwa sababu kazi ilikuwa imebadilika.

Ukumbini huingia jambo jingine, nalo ni spika. Uzi wa E ulio wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, A mara 55, D mara 73, na G mara 98. Boksi maarufu kuliko yote ya besi za jukwaani, Ampeg lenye spika 8 za inchi 10, ambalo tangu mwaka 1969 limekuwa likiambatana na amplifaya ya SVT ya wati 300, huanza kupungua nguvu likishuka chini ya mitetemo kama 58 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mtetemo mkuu wa E hutoka hafifu hata kwenye kifaa hicho kinachoheshimiwa na wengi. Msikilizaji anaisikia E kwa kuwa sikio hupokea mitetemo tanzu yake, mara 82, mara 123 na kuendelea, kisha ubongo unakamilisha kilichopungua.

Jambo hili lina uzito kwa bendi inayopiga kwenye baa au ukumbi wenye spika ndogo. Uzi bapa uliochakaa, ukipitia boksi dogo, unaweza kupotea kabisa: mtetemo mkuu haufiki, na mitetemo tanzu haipo. Hapo uzi wa mviringo wa nikeli, ambao ni laini kidogo kuliko chuma cha pua, huokoa sauti. Katika ukumbi wa zege wenye mwangwi mambo hugeuka, kwani noti ndefu hupandana na mdundo ukakosa umbo. Uzi bapa, au sponji ndogo chini ya nyuzi karibu na daraja, hurudisha mpangilio bila kugusa kitufe chochote cha amplifaya.

Urefu wa uzi kutoka daraja hadi mahali shingo inapokutana na kichwa ni uamuzi unaofuata. Leo Fender alipoitoa Precision mwaka 1951 aliweka inchi 34, na kipimo hicho kimebaki kuwa cha kawaida. Höfner 500/1, aliyoinunua Paul McCartney wa The Beatles mjini Hamburg mwaka 1961, ina takriban inchi 30. Kwa uzi wa unene uleule na noti ileile, mvuto hupungua kwa karibu asilimia 22 ukitoka inchi 34 kwenda 30. Vidole hupumzika, lakini uzi huwa mlegevu na sauti yake huwa nene na laini zaidi. Faida nyingine ni uzito: Höfner ina tumbo tupu na ni nyepesi sana, na kwa mtu anayepiga huku akiimba saa nzima bega hulihisi jambo hilo. McCartney alikuwa bado akipiga besi ya aina hiyo juu ya paa mjini London tarehe 30 Januari 1969, The Beatles walipopiga hadharani kwa mara ya mwisho.

Kwa besi ya nyuzi tano hesabu inakwenda upande mwingine. B ya chini hutetema mara 31 tu kwa sekunde, na kwenye inchi 34 mara nyingi hulegea. Watengenezaji kadhaa huongeza inchi moja, na mvuto unapanda kwa asilimia 6 hivi. Kabla ya kulipia uzi huo wa tano, bendi ijiulize kama ina spika za kuutoa. Vinginevyo mpigaji atakuwa akibeba shingo pana kwa ajili ya noti zisizofika kwa wachezaji.

Halafu zinakuja pikapu, yaani sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa uzi. Precision tangu mwaka 1957 ina pikapu moja iliyokatwa vipande viwili, na muundo huo huzuia mvumo wa umeme unaoudhi kwenye kumbi zenye nyaya chakavu na taa nyingi. Jazz Bass, iliyotoka mwaka 1960, ina pikapu mbili. Zikifunguliwa sawasawa hutulia, lakini moja ikipunguzwa mvumo hurudi. StingRay ya mwaka 1976 ilileta kiongeza sauti kinachotumia betri ndani ya gitaa lenyewe. Faida yake jukwaani ni kwamba kebo ndefu haili sauti za juu kama inavyofanya kwa gitaa lisilo na betri. Betri nayo huisha, na plagi ikiachwa kwenye tundu usiku kucha huisha mapema. Anayepiga gitaa la namna hii abebe betri ya akiba pamoja na nyuzi.

Mfano wa mpiga besi Jaco Pastorius unaonyesha jinsi uzi unavyoweza kuamua hata ubao wa gitaa. Besi yake ya Jazz Bass haikuwa na freti, lakini alitaka mng'ao wa nyuzi za mviringo za Rotosound. Bila freti, chuma cha uzi hukwaruza mbao moja kwa moja na kuzitafuna. Hakurudi kwenye nyuzi bapa. Alipaka ubao wa vidole gundi ngumu ya epoksi inayotumika kwenye mashua, na tabaka hilo likalinda mbao huku likiifanya noti iimbe kwa muda mrefu. Sauti hiyo ilisikika kwenye albamu yake ya kwanza ya mwaka 1976, na baadaye katika kundi la Weather Report.

Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki una mazingira yake. Magitaa ya solo, second solo na rhythm husuka eneo la katikati, tumba hugonga chini, matarumbeta huingia juu. Besi haina nafasi ya kuvuma mfululizo. Katika Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978, besi ya Tom Malanga hutembea na kunyamaza kwa zamu na rhythm ya Omar Shabani, na ukimya kati ya noti ni sehemu ya wimbo. Mpigaji anayetaka mpangilio kama huo anahitaji uzi unaokufa haraka, au mkono wa kuuzima. Wimbo ukifika kwenye chemko, yaani sehemu yake ya kuchangamka, na magitaa yakapanda juu ya shingo, uzi wenye mng'ao kidogo husaidia wachezaji kuufuata mguu wa besi. Nyuzi za nikeli zilizokwisha kupigwa majuma machache huwa na vyote viwili kwa kiasi.

Pwani huongeza gharama. Jasho na hewa ya chumvi huuma chuma, na nyuzi za Dar es Salaam au Mombasa huchoka mapema kuliko za mahali pakavu. Kitambaa kikavu baada ya kila onyesho hurefusha maisha yake. Wapo wanaochemsha nyuzi za mviringo dakika chache ili kuondoa uchafu; mng'ao hurudi, ingawa haukai sana. Nyuzi zisizokwaruza freti na zinazovumilia jasho vizuri zaidi ni zile bapa, na kwa bendi ya pwani inayopiga kila wiki bei yake kubwa hujilipa.

Kwa hiyo mwenye besi isiyomridhisha aanze na seti tofauti ya nyuzi kabla ya kutafuta gitaa jingine. Ahakikishe urefu wake unalingana na gitaa, maana uzi mrefu ukizungushwa sehemu nene kwenye kigingi cha gitaa fupi huharibika. Seti ya nyuzi nne huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 80, na seti mpya inaweza kuongeza au kupunguza mvuto huo, hivyo fundi arekebishe chuma kilichomo ndani ya shingo, kimo cha nyuzi na madaraja madogo ya kila uzi. Kisha bendi nzima ipige wimbo wake mgumu kuliko yote ukumbini, mtu mwingine akishika besi, na mwenyewe asimame karibu na mlango, mahali ambapo sauti hufika ikiwa imechoka, asikilize pamoja na fundi mitambo.