Homa ya Maziwa Huanzia Horini

Ng'ombe amezaa salama usiku. Asubuhi hainuki: masikio ya baridi, shingo kaikunjia ubavuni. Hiyo ni homa ya maziwa, nayo huwapenda zaidi wenye maziwa mengi waliokwisha kuzaa mara tatu na kuendelea. Daktari wa mifugo atamtundikia kalsiamu kwenye mshipa, polepole ili moyo usisimame. Majirani watasema hakupewa chokaa ya kutosha alipokuwa na mimba. Mara nyingi kosa ni kwamba alipewa nyingi mno.

Tazama hesabu. Kalsiamu inayozunguka kwenye damu ya ng'ombe ni kama gramu 3 tu. Lita 10 za dang'a hubeba zaidi ya gramu 20. Kinachochotwa na kiwele siku hiyo hakimo kwenye damu; sharti kitoke mifupani na kwenye utumbo. Homoni ndizo zinazofungua ghala hilo, na huchukua siku kadhaa kuchangamka. Ng'ombe aliyekuwa akilamba chokaa na kula lusina kwa wingi hakuwahi kuwa na haja ya kugusa akiba ya mifupa, basi homoni zake zimelala. Ndiyo sababu chokaa na majani ya jamii ya mikunde hupunguzwa horini wiki 3 za mwisho za mimba, kisha hurudishwa kwa ukarimu siku ile ile anapozaa.

Potasiamu ni adui asiyetajwa sana. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro ng'ombe hulishwa bandani. Majani na mabua hubebwa kutoka tambarare, na kiangazi yakiadimika, mgomba hukatwakatwa ukajaza hori. Shina la mgomba ni maji zaidi ya asilimia 90, protini haba, potasiamu tele. Potasiamu huelekeza damu kwenye ualkali, na hapo mifupa na figo huwa nzito kuitikia homoni. Mabingobingo yanayomwagiwa samadi kila mara yana shida hiyo hiyo. Kwa ng'ombe aliyekaribia kuzaa, nyasi kavu za shamba lisilo na samadi ni bora kuliko mabichi yanayopendeza macho. Mgomba abaki nao mtamba ambaye siku zake bado.

Kumkausha, yaani kuacha kumkamua, siku 60 kabla ya kuzaa hakuleti ubishi mwingi. Ubishi uko kwenye pumba. Desturi ya kumjaza ng'ombe nguvu kabla ya kuzaa imetiwa chumvi, kwa maoni yangu. Akinenepa sana, hamu ya kula humpotea baada ya kuzaa, mwili huyeyusha mafuta, na ini huelemewa. Pumba na mashudu ya wiki 3 za mwisho zina kazi nyingine: kuwazoesha vijidudu vya tumbo la kwanza kumeng'enya wanga. Anza na nusu kilo, panda taratibu hadi kilo 2 au 3, na hapo inatosha.

Akishazaa, maziwa hutangulia hamu ya kula. Kilele cha maziwa hufika karibu na wiki ya 6; tumbo hufikia uwezo wake wa kula wiki kadhaa baadaye. Pengo hilo hulipwa kwa nyama ya mgongoni. Hapa ndipo kopo lile lile la pumba kila siku linapowaponza wafugaji. Kilo 2 za pumba kila siku kwa siku 300 ni kilo 600. Chukua kilo 600 hizo hizo, mpe kilo 5 kwa siku katika siku 80 za mwanzo, na zilizobaki 200 zigawe kwenye siku 220, chini kidogo ya kilo moja kwa siku. Gharama haikubadilika, lakini chakula kimefika wakati kiwele kinakihitaji.

Kilo 5 hazimwagwi siku moja. Ongeza nusu kilo kila baada ya siku mbili tatu, zigawe kwenye mikamuo yote, na majani yatangulie. Kinyesi kikiwa uji wenye mapovu, tumbo limechachuka: rudi nyuma. Maji yasiwe ya kupimiwa kwa ndoo mbili asubuhi na jioni, kwani ng'ombe wa lita 15 anaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Umeongeza nusu kilo na maziwa kwenye kipimo hayakusogea kwa siku kadhaa? Irudishe ghalani.